Mlenda wa Mavyaa

Sisi watu wa Tanga tuliijua Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, kwa mambo mawili: njaa iliyokuwa ikitangazwa redioni kila baada ya miaka michache, na vumbi tulilolionea dirishani tukipita na basi kwenda Singida. Kwa hiyo Agosti ya 2009, mume wangu aliposema wakati umefika wa kwenda kwao nikaonwe na wakwe, mama yangu alianza kunifungashia. Mchele, nazi kavu, papa mkavu aliyezungushiwa magazeti mpaka harufu ikakata tamaa, na chupa ya achari ya ndimu.

"Usije ukashinda njaa kwa watu, mwanangu," aliniambia.

Mume wangu alikuwa pale pale kwenye mkeka, anakunywa chai. Alitabasamu tu, akaongeza sukari. Alikuwa akifundisha Muheza wakati huo, na katika uchumba wetu wote sikuwahi kumsikia akisifia chakula cha kwao wala kulalamikia cha kwetu. Wali wa nazi aliula kwa adabu. Nilikuja kujua baadaye kwamba ile ilikuwa adabu kweli, wala si shibe.

Safari yenyewe haina masimulizi. Segera, Chalinze, Morogoro, kisha baada ya Gairo nchi ikaanza kukauka, na Kibaigwa malori ya mahindi yakawa yamejipanga sokoni. Tulilala Dodoma mjini, asubuhi tukapanda hiace ya kuelekea upande wa Mvumi. Watu wengi hudhani Dodoma ni joto mwaka mzima. Agosti jua linawaka kweli, hakuna wingu la kulizuia, lakini upepo ni mkavu na wa baridi, midomo inapasuka, na usiku unaulizia blanketi la pili.

Nyumba ya wakwe zangu ilikuwa tembe, zile nyumba za udongo za Wagogo zenye paa bapa, ambalo mtu anaweza kupanda na kutembea juu yake. Mavyaa, yaani mama mkwe wangu, tulimkuta huko huko juu, ameinama, anageuza uwele aliouanika. Alikuwa ameutwanga na kuuloweka jana yake, sasa anaungoja ukauke aupeleke mashine. Alishuka kwenye ngazi ya miti kwa wepesi ulionitia hofu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu nyumbani. Umeniletea na huyu mtoro wangu?"

Chini ya mti wa mkungugu walikaa wazee watatu wanne. Kwenye hiace nilikuwa nimefundishwa kusema "Mbukwenyi," nikalisema. Walicheka, wakaitikia, na mmoja akaendelea kunieleza jambo refu kwa Kigogo, bila shaka akiamini kwamba mtu aliyeanza vizuri namna ile atafika mwisho.

Mavyaa hakunipeleka jikoni kwanza. Alinipeleka ghalani. Kilikuwa chumba cha ndani kisicho na dirisha, na macho yalipozoea giza nikaona vilindo vimesimama ukutani, vile vyombo virefu vya magome ya mti vya kuhifadhia nafaka, vingine vinanifika kifuani. Humo mlikuwa na uwele na mtama. Juu yake kulining'inia vibuyu. Alishusha kimoja, akazibua, akanimiminia kiganjani unga wa kijani kibichi uliochujuka, mwepesi, wenye harufu ya majani yaliyokatwa siku nyingi.

"Ilende," alisema, mboga ya porini ya kupikia mlenda. "Hii ya Februari."

Akashusha kingine. Unga wake ulikuwa umefifia zaidi.

"Hii ya mwaka juzi."

"Ya mwaka juzi bado ipo, mama?"

"Ya mwaka juzi haimalizwi mpaka tuone mvua ya mwaka huu."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nimefika wapi. Ugogo mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima ni milimita 500 mpaka 600, tena pale inapotaka. Mboga za porini huota kwa wingi katika hizo wiki chache, watoto na akina mama wanazichuma kwa vikapu, na zinazobaki baada ya kula huanikwa juani, kwenye mwamba au juu ya paa. Ilende huanikwa ikiwa mbichi kisha ikatwangwa. Majani ya kunde wao walikuwa wakiyachemsha kwanza ndipo wakayaanika. Jua lile lile ambalo sisi wapita njia tunalisikitikia ndilo linalowalisha watu hawa kuanzia Mei mpaka Desemba. Bila jua kali na upepo mkavu, majani yangeota ukungu kabla hayajakauka. Jaribu kuanika mboga Tanga mwezi wa Mei uone utakachovuna.

Wifi yangu mdogo, binti wa kidato cha pili, ndiye aliyepika mchana ule, mimi nimekaa kigodani nikitazama. Aliinjika chungu kwenye mafiga, akatia maji na magadi kidogo, akaponda nyanya kwa mkono zikaingia. Maji yalipochemka alianza kunyunyiza ule unga wa ilende kwa vidole vya kushoto huku kulia akizungusha upekecho katikati ya viganja... la, hapana, viganja viwili vilihitajika kwa upekecho, kwa hiyo alinyunyiza kidogo, akapekecha, akanyunyiza tena. Mchuzi ulianza kuvutika. Ukafura, ukataka kumwagika, akapunguza kuni. Chungu cha mlenda hakifunikwi; ukikifunika, moto wote unazimika kwa povu. Mwisho kabisa akatia karanga zilizosagwa kwenye jiwe, zikazama taratibu, na uso wa mchuzi ukabadilika ukawa wa rangi ya mchanga wenye madoa ya kijani. Hapakuwa na tone la mafuta ya kupikia. Mafuta yalikuwa humo humo ndani ya karanga.

Ugali wa uwele aliusonga mavyaa mwenyewe. Unakuwa wa kijivu, mzito, wenye uchungu kwa mbali sana, na una harufu ya nafaka iliyokaangwa ingawa haikukaangwa. Mimi niliyelelewa kwa sembe nyeupe ya dukani nilidhani umeungua.

Wanaume walipelekewa chakula chao kule chini ya mti. Sisi wanawake na watoto tulikaa uani, ugali katikati, bakuli la mlenda pembeni yake. Binti mdogo kuliko wote alitunawisha kwa zamu, akianzia kwa mgeni, amepiga goti. Hakuna aliyemega kabla mavyaa hajamega.

Sasa, kula mlenda ni ufundi, na ufundi wenyewe haumo katika kuchovya. Kuchovya kila mtu anajua. Shida ni kwamba ukiinua tonge, mlenda unakufuata: uzi mrefu unatoka bakulini mpaka mdomoni, na mgeni anaachwa ameinua kidevu huku watoto wanamkodolea macho. Mavyaa alinionyesha polepole. Unamega tonge dogo, unalibonyeza kwa dole gumba lipate kishimo, unachota, halafu mkono ukiwa bado juu ya bakuli unauzungusha haraka mara moja, kama mvuvi anavyokunja mshipi, na uzi unakatika wenyewe. Kisha unameza. Hutafuni sana. Mlenda na tonge vinateremka pamoja, na ladha inabaki nyuma: karanga, chumvi, ule ukakasi mdogo wa magadi, na kitu kingine cha mwituni nisichokuwa na jina lake.

"Sasa anakula," mavyaa aliwaambia wengine kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

Mlenda wa bamia tunaopika mjini ni kitu kingine kabisa, na mimi siku hizi siuhesabu.

Baada ya chakula yalikuja maziwa ya mgando ndani ya kibuyu, na hapo ndipo baba mkwe alipokuja kukaa nasi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alitaka kujua kwetu watu wanakula nini mvua isiponyesha. Nikasema kuna muhogo, kuna samaki, na mvua hukosekana lakini si sana. Akatikisa kichwa, si kwa wivu. Akaanza kutusimulia Mtunya, njaa kubwa iliyoikumba Ugogo baada ya vita vya kwanza vya dunia kupita huku, kati ya 1917 na 1920. Majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe, vijana wakachukuliwa kubeba mizigo, halafu mvua nayo ikagoma. Mama yake alikuwa binti mdogo wakati ule. Kwa mujibu wa mzee, mama huyo mpaka anakufa hakuwahi kuruhusu kilindo cha mwisho kifunguliwe kabla mavuno mapya hayajaingia ndani, na wajukuu walimwona mchoyo.

Nikakumbuka kibuyu cha mwaka juzi. Sikusema kitu, ila nilimtazama mavyaa kwa macho mengine. Na ile habari ya "nchi ya njaa" tuliyoizoea redioni nikaiona ina upungufu mkubwa, maana watangazaji walitaja ukame bila kutaja hata siku moja kwamba kuna wanawake wanaoweka akiba ya mboga ya miaka miwili ndani ya vibuyu.

Asubuhi ulikuja uji, na uji nao ulikuwa na jambo. Huko kwetu ubuyu ni peremende: umepikwa kwa sukari, umetiwa hiliki na rangi nyekundu, unauramba mpaka ulimi unakuwa kituko. Mavyaa alitwanga ubuyu ule mweupe ulivyotoka ndani ya kifuu, akauchekecha, akautia kwenye uji wa uwele baada ya kuuepua. Uji ukawa mchachu, mzito kidogo, na nikanywa vikombe viwili. Sukari hawakutia. Walinitilia mimi tu, na nilipokionja kile chenye sukari nikakirudisha kwa watoto, wakakigombania.

Ndugu mmoja wa mume wangu alikuwa na shamba la zabibu mwendo wa kama saa moja kwa miguu, na alitupeleka. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na Agosti ni moja ya nyakati hizo. Wenyeji husema zililetwa na mapadri wa Bihawana. Kuona majani mabichi namna ile katikati ya nchi ya kijivu kunashangaza, lakini ukweli ni kwamba mle nyumbani hakuna aliyezijali sana. Watoto walikula, wakatupa vikonyo. Zabibu ilikuwa fedha, gari la mnunuzi linakuja linabeba. Chakula kilikuwa uwele.

Na kile kifurushi cha mama yangu? Nilikipika siku ya kuaga. Wali wa nazi ulikwisha kabla sijapakua wa kwangu. Kwa watoto ilikuwa sikukuu. Papa ndiye aliyeleta mtihani. Harufu ilipotoka chunguni, mbuzi wawili waliokuwa wamelala ukutani waliinuka wakahama. Wazee walipelekewa sahani yao chini ya mkungugu, nami nikachungulia. Baba mkwe alichukua kipande, akakitafuna muda mrefu, akameza, akasema ni kitamu sana, akachukua wali mtupu. Uso wake ulikuwa ule ule niliouona kwetu kwenye mkeka, wa mwanawe akila nyumbani kwa mama. Nilimtafuta mume wangu kwa macho, naye alikuwa tayari ananitazama, mabega yanamtikisika kwa kicheko alichokibana.

Tulirudi na mzigo mkubwa kuliko tuliokwenda nao: unga wa uwele, karanga, gunia dogo la ubuyu, kibuyu cha ilende ya Februari, na magadi yaliyofungwa kwenye kitambaa. Mama yangu alinusa ile ilende, akauliza ni dawa ya nini. Nikamwambia akae, nikampikia. Mkunjo wa mkono alijifunza haraka, kwa vile yeye ni mtoto wa mvuvi. Tonge la pili akasema kinamteremka vizuri, ila kimepungukiwa. Akainuka, akakuna nazi, akakamua tui zito, akalimimina ndani ya mlenda, akauchemsha tena, na tukaufuta wote.

Jioni mume wangu alimpigia simu mama yake kumpa habari, pamoja na ile ya tui. Upande wa pili kulikuwa kimya kwa muda. Halafu mavyaa akauliza kama angalau magadi tulitia.