Jumapili ya Bure, Miguuni pa Daudi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimo kwenye tramu kutoka Scandicci, sare mfukoni, raba miguuni. Ni Jumapili ya kwanza ya mwezi: makumbusho ya serikali Italia nzima kiingilio ni bure, na sisi walinzi wa Galleria dell'Accademia hapa Florence tunajua maana yake.

Saa mbili na robo tunafungua. Foleni imeshakata kona.

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye sanaa hudhani nashinda nikitazama picha. Nashinda nimesimama. Namlinda Daudi, sanamu ya Michelangelo, mita 5 na sentimita 17 za marumaru, uchi kabisa, na maneno yangu ni haya kutwa: usiguse, zima flashi, choo kule. Wengine huuliza kama huyu ndiye halisi, maana wameshapiga picha na yule wa uwanja wa Piazza della Signoria, nakala ya mwaka 1910. Ndiye.

Saa tano hivi baba mmoja akamvusha mwanawe juu ya uzio ili apigwe picha chini ya sanamu. Nikamwambia hairuhusiwi.

"Sekunde moja tu."

Hapana, bwana.

"Nimesimama juani saa mbili nzima!"

Nami nimesimama tangu asubuhi, lakini hilo halisemwi ukiwa na sare. Akauliza, mtoto mdogo vile atalivunjaje jiwe lote lile. Nikamwonyesha kidole cha pili cha mguu wa kushoto wa Daudi: mwaka 1991 mtu aliingia na nyundo akakivunja. "Wangu hana nyundo," akajibu, simu iko juu, anapiga tu. Mkewe kageuza uso kama hawajuani. Nyuma yetu watu wamesongamana. Huyu ananihimiza nimtoe, yule ananirekodi mimi. Aliyetuokoa ni mtoto mwenyewe: akaanza kulia, mkojo umembana.

Choo kule.

Mchana mkate wa lampredotto, utumbo wa ng'ombe, nusu nikautafuna nikitembea. Baada ya hapo saa sikuitazama tena, visigino ndivyo vilivyohesabu.

Jioni nikasikia Kiswahili cha Tanga. Mama mtu mzima, na binti yake. "Shikamoo mama!" Marahaba yake iligeuza vichwa. Nikamwonyesha mkono wa kulia wa Daudi, mishipa ilivyotutumka kama ya mtu aliyebeba ndoo, nikamwambia alichongwa kati ya 1501 na 1504.

"Miaka yote hiyo, mwanangu," akasema, "na hamjamtafutia hata shuka?"

Nilicheka mpaka mwenzangu wa mlangoni akachungulia. Kesho Jumatatu, tunafunga. Asinipigie mtu simu kabla ya saa nne.