Kikokotoo hakijui ulipima kwa chombo gani

Kipande cha alumini kina masi ya gramu 24.6, na kikizamishwa kwenye silinda ya kupimia maji yanapanda kwa sentimita za ujazo 9.2. Gawanya masi kwa ujazo upate densiti, kikokotoo kitakupa 2.673913043. Kuna wanaonakili tarakimu zote hizo wakidhani ndio usahihi, na kuna wanaoishia 2.67 kwa sababu tu wamezoea kuacha mbili baada ya nukta. Wote wanadai kujua kitu ambacho kipimo hakikusema.

Ujazo ulioandikwa 9.2 unaweza kuwa popote kati ya 9.15 na 9.25. Gawanya 24.6 kwa kila mojawapo: unapata 2.69 na 2.66. Tarakimu ya tatu tayari inayumba, sembuse ya saba. Jibu ni 2.7 g/cm³. Ndiyo asili ya kanuni ya kuzidisha na kugawanya: tarakimu muhimu za jibu, yaani zile zinazobeba taarifa ya kipimo, zisizidi zile za kipimo chenye chache kuliko vyote.

Kujumlisha na kutoa kuna kanuni nyingine, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Huko hatuhesabu tarakimu muhimu, tunaangalia nafasi za desimali. 18.2 + 0.475 + 3.06 ni 21.735, lakini 18.2 imeishia sehemu za kumi, hivyo jibu ni 21.7. Kutoa ni hatari zaidi. Bika yenye chumvi ina gramu 52.37, ikiwa tupu ina 52.14. Vipimo viwili vya tarakimu nne nne vimezaa 0.23, yenye mbili tu. Ukigawanya tofauti hiyo kwa 0.0855, jibu ni 2.7, si 2.690, hata kama mizani ilikuwa nzuri. Ndiyo maana kwenye hesabu yenye hatua mchanganyiko inabidi uandike pembeni, kila baada ya hatua, ni tarakimu ngapi bado zinaaminika.

Lakini kuandika pembeni si kukadiria, yaani kukata tarakimu za ziada. Kukadiria hufanywa mara moja, mwishoni. Tafuta ujazo wa mcheduara wenye nusu kipenyo cha sm 2.35 na kimo cha sm 12.4. Ukiacha tarakimu zote kwenye kikokotoo unapata 215.13, yaani 215. Mwanafunzi anayekadiria kila hatua huandika 5.5 kwa mraba wa nusu kipenyo, anazidisha kwa 3.1, anaandika 17, kisha anazidisha kwa 12.4 na kupata 211. Kanuni anaijua, hesabu anaiweza, na bado amekosa kwa karibu asilimia 2. Tumia kitufe cha pai na kumbukumbu ya kikokotoo. Kama lazima uandike hatua za kati, beba angalau tarakimu mbili za ziada.

Ndugu wa kosa hilo ni kukadiria juu ya makadirio. 7.3461 hadi nafasi moja ya desimali ni 7.3. Anayepitia 7.35 kwanza huishia 7.4. Tazama tarakimu moja tu, ile inayofuata pale unapokatia.

Sifuri zina utata wake. Za mbele hazihesabiwi: 0.00450 ina tarakimu muhimu tatu. Za katikati huhesabiwa, na za mwisho baada ya nukta pia, maana aliyeandika 4.50 amepima hadi hapo. Ila 1500 haisemi chochote kuhusu sifuri zake. Andika 1.5 × 10³ au 1.500 × 10³, ubishi uishe. Na usichanganye maagizo: 0.0376 kwa nafasi mbili za desimali ni 0.04, kwa tarakimu muhimu mbili ni 0.038.

Namba zisizotokana na kupima hazipunguzi chochote. Ukigawanya jumla ya vipimo vinne kwa 4 ili upate wastani, hiyo 4 ni kamili. Vivyo hivyo sekunde 60 za dakika, na inchi, ambayo tangu 1959 ni sm 2.54 kamili. Kwenye hesabu tupu jibu kama 7π au √2 liache hivyo hivyo mpaka swali liombe desimali.

Logi (logariti) zina desturi yake. Ukolezi wa ioni za hidrojeni ukiwa 3.2 × 10⁻⁴, pH, kipimo cha uasidi kinachotokana na logi ya ukolezi huo, ni 3.49. Tarakimu muhimu mbili za ukolezi zimekuwa nafasi mbili za desimali, kwa sababu ile 3 ya mbele inabeba kipeo tu. Anayeandika 3.5 amepoteza taarifa aliyokuwa nayo.

Kanuni hizi zote ni njia ya mkato, na mara nyingine hukata vibaya. 9.8 × 1.03 ni 10.094, kwa kanuni ungeandika 10, ingawa 9.8 inajulikana kwa karibu nusu ya asilimia, na 10.1 ingeeleza hali halisi vizuri zaidi. Shuleni fuata kanuni. Maabara, ukiwa na kiasi cha shaka, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kukosea, hicho ndicho kiamue: kadiria shaka hadi tarakimu moja, kisha jibu hadi nafasi hiyo hiyo. 9.7863 ± 0.0412 inakuwa 9.79 ± 0.04.

Imebaki tano iliyo katikati kabisa. Shuleni 2.5 hupanda kuwa 3. Lugha ya kompyuta ya Python 3 itakupa 2, kwa sababu huelekea namba shufwa iliyo karibu, ili jumla ya data nyingi isivutwe juu. Ukiiambia ikadirie 2.675 kwa nafasi mbili itatoa 2.67, safari hii kwa sababu nyingine: kwenye mfumo wa namba mbili (0 na 1) ambao kompyuta hutumia, 2.675 huhifadhiwa ikiwa pungufu kidogo.