Siku Moja Maishani Mwangu: Kwa Miguu Mpaka Kipungani

Saa kumi na mbili kasorobo. Nimeshaswali, nimekunywa chai na mahamri, dumu la maji liko begani. Mimi naongoza wageni kwa miguu hapa Lamu. Watu hutuona ufuoni wakadhani twalipwa kwa kupunga upepo.

Saa kumi na mbili unusu, uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Leo nina mzee mmoja wa Nairobi na mkewe, twaenda Kipungani, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa. Mpaka Shela ni kilomita 3 hivi kandokando ya bahari, njia nyepesi.

Leo ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kutoka sana: yanakupwa mpaka saa nne, kisha yanarudi, yanajaa saa kumi jioni. Ufuo wa Shela una kilomita 12 hivi, na raha yake ni kuupita maji yakiwa nje, mchanga ukiwa mgumu. Haya nilimweleza mzee jana usiku, na asubuhi nikarudia.

Saa mbili tuko chini ya vilima vya mchanga. Mzee anataka kupanda. Sawa, njia ipo. Mguu unazama mpaka kifundoni, unapanda hatua mbili, moja inakurudisha. Kufika juu, anataka kuteremkia upande wenye majani yanayotambaa, aburure miguu apigwe picha.

"Mzee wangu, hapo hapana."

"Kijana, mchanga ni mchanga tu."

Nikachutama nikamwonyesha mizizi ilivyoushika mchanga. Majani yakitoka, upepo huchukua kilima. Mvua inayonyesha hapa huchujwa humu ikajikusanya chini, na visima vya Shela ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu, pamoja na hoteli aliyolala. Akabisha. Akapiga simu, akabisha tena. Nami sikuondoka mbele yake. Hatimaye mama akasema, "Tuteremke tulikopandia," akashika njia, mzee akafuata.

Hapo imeshafika saa nne na nusu, bahari inarudi, na kusi, upepo wa kutoka kusini, linatupulizia mchanga machoni. Mbele kidogo mzee akakaa: viatu vipya, lengelenge kisiginoni. Nikaliosha, nikalifunga plasta, nikabeba na mkoba wake. Mama akauliza nitajuaje maji yatafika wapi. Nikamwonyesha mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji ya alfajiri, karibu na vilima. Chini ya mstari huo, jioni ni bahari.

Kisha mchanga laini. Saa sita, saa saba, sikutazama tena. Mapaja yanawaka, dumu linapungua, mzee kila kichaka anauliza kama ndiyo Kipungani. Mimi natangulia, nakanyaga, wao wanaweka nyayo nilipokanyaga mimi. Mgeni akianguka hapa hakuna gari la kumfuata.

Tukaingia Kipungani wazima wote. Akina mama wanasuka mikeka kibarazani, wakatukaribisha madafu. Maji yamejaa, kwa hiyo boti iliweza kutuchukua na kupita kwenye mikoko mpaka mjini.

Usiku nimewaandikia wageni wa kesho: maji yatakupwa karibu saa tano, tuondoke saa moja na robo. Viatu vilivyozoea mguu, tafadhali.