Jinsi nilivyobuni karata zangu za wanyama wa majira ya baridi

Ukitaka kujua kama karata ya Magic: The Gathering ni ya majira ya baridi kweli, funika picha yake kwa kidole, usome maandishi peke yake. Karata nyingi ambazo wapenzi wa mchezo huu hujibunia humchukua joka, zikamvisha barafu, zikampaka bluu, kisha zikampa uwezo wa kumgandisha kiumbe wa mpinzani. Picha inavutia, lakini ukishaifunika huwezi kujua kama mnyama huyo anaishi kwenye theluji au jangwani. Nilipoamua kuwatengenezea wapwa zangu karata za wanyama wa hapa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, nilijiwekea sharti moja: baridi iwe ndani ya kanuni za karata, na picha ije baadaye.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ulibuniwa na Richard Garfield ukaanza kuuzwa mwaka 1993. Kila mchezaji ana fungu lake la karata. Karata za ardhi hutoa mana ya rangi mbalimbali, na mana ndiyo inayolipia viumbe vinavyoshuka uwanjani. Karata iliyotumika hulazwa ubavu, na zamu yako ikirudi unaiinua. Kiumbe aliyelala hawezi kuzuia shambulio, na hilo likumbuke kwa sababu wanyama wangu wengi hulala. Kila kiumbe ana namba mbili, nguvu na ustahimilivu. Mimi mizani yangu ni dubu wa toleo la kwanza kabisa, Grizzly Bears: mana 2, nguvu 2, ustahimilivu 2, basi. Kila ninayembuni namweka kando ya dubu huyo na kuuliza anamzidi kwa lipi, na ziada hiyo inalipiwa wapi.

Wenye mchezo wameirudia baridi mara kadhaa: Ice Age mwaka 1995, Coldsnap mwaka 2006, Kaldheim mwaka 2021. Niliyasoma matoleo hayo kwa makini kabla ya kushika kalamu. Ice Age ilileta kanuni ambayo bado naiona kuwa wazo bora kuliko yote waliyowahi kuwa nayo kuhusu baridi: karata unayoilipia kila zamu, na malipo yanaongezeka kila mara, kwanza mana 1, halafu 2, halafu 3, mpaka unashindwa na karata inakwenda zake. Wachezaji wengi hawaipendi kwa sababu inataka kuhesabu kila zamu. Lakini hivyo ndivyo Januari ilivyo kwa mnyama mdogo mwenye damu moto. Kula kwa jana hakumfikishi kesho.

Coldsnap nayo ina ardhi iitwayo Dark Depths. Inaingia uwanjani ikiwa na kete 10 za barafu, na kila kete unaiondoa kwa mana 3. Zikiisha zote, anatoka chini ya barafu Marit Lage, kiumbe arukaye mwenye nguvu 20 na ustahimilivu 20. Mana 30 ni bei ya haki kwa jitu kama hilo. Mwaka 2009 akaja Vampire Hexmage, ambaye ukimtoa kafara huondoa kete zote za karata moja kwa mkupuo, na bei ile ikayeyuka. Kwa hiyo kila ninapoweka kete kwenye karata najiuliza kwanza itakuwaje mtu akizifagia zote mara moja.

Lililoniongoza zaidi ni suala la ardhi zenye theluji, yaani karata za ardhi za kawaida zilizoongezewa jina la theluji. Snow-Covered Forest inatoa mana ileile ya Forest ya kawaida, na kuiweka kwenye fungu lako hakukugharimu karibu chochote. Ukibuni viumbe wanaozawadia theluji, kila mtu atabadilisha ardhi zake na zawadi itakuwa ya bure. Arcum's Astrolabe ilionyesha jambo hilo waziwazi: kifaa kidogo cha mana 1 inayotoka kwenye theluji, kikapigwa marufuku katika mitindo miwili ya mashindano, Pauper mwaka 2019 na Modern mwaka 2020. Nikaamua kwamba katika seti yangu theluji itaulizwa kwa nadra sana, na ikiulizwa iwe na uwezo wa kuumiza pia.

Kilichobaki kilikuwa kuwajua wanyama. Hapa nilipo mnyama ana njia chache za kuuvuka msimu: ahame, alale, agande, ajifiche chini ya theluji, au awe ameweka akiba. Kila njia kati ya hizo ni namna ya kulipa. Niliposhika hilo, karata zikaanza kujiandika.

Nilianza na chura wa msituni, na bado ndiye nimpendaye kuliko wote. Chura huyu hajichimbii chini sana. Anajilaza chini ya majani makavu na kuganda. Karibu theluthi mbili ya maji ya mwili wake hugeuka barafu, moyo unasimama, hapumui. Kinachomwokoa ni ini lake, ambalo barafu inapoanza tu kumshika humwaga sukari nyingi kwenye damu, na sukari hiyo hulinda seli zake. Masika anayeyuka na kuruka. Karata yake ni ya kijani, mana 2, nguvu 1, ustahimilivu 1, na inasema: “Chura huyu akitaka kuangamizwa na hana kete ya barafu, unaweza kulipa mana 1 ya kijani. Ukilipa, mlaze, ondoa madhara yote aliyopata, na mwekee kete 3 za barafu. Hainuki akiwa na kete. Mwanzo wa kila zamu yako ondoa kete moja.”

Hiyo mana moja ya kijani ndiyo sukari. Mchezaji mwenye chura uwanjani hujizuia kutumia mana zake zote, kwa sababu asipoacha moja akiba, chura anakufa kama chura mwingine yeyote. Nilifurahi sana nilipomwona mpwa wangu mkubwa anaiacha ardhi moja wima zamu baada ya zamu bila kuambiwa. Neno “kuangamizwa” nalo lilichaguliwa kwa uzito. Ningeandika “akitaka kufa”, mchezaji mjanja angemtoa chura kafara, apate faida ya kafara, na chura abaki naye. Sharti la kutokuwa na kete lina kazi yake pia: baridi ikizidi kiasi, hata chura aliyekwisha kuganda hufa, kwa hiyo anayepigwa akiwa barafu hana pa kukimbilia.

Sungura wa theluji ndiye niliyempa swali la theluji. Manyoya yake hubadilika kutoka kahawia kuwa meupe kwa kufuata urefu wa mchana. Theluji yenyewe hahesabu. Mchana ukifupika anageuka, theluji iwe imeanguka au haijaanguka, na mwaka ambao theluji inachelewa anabaki mweupe juu ya majani ya kahawia, kila mwindaji anamwona. Karata yake ina pande mbili. Ukifikisha ardhi ya nne anageuka mweupe, utake usitake. Akiwa mweupe nawe una ardhi yenye theluji, mpinzani hawezi kumlenga. Kama huna, kila karata ya mpinzani inayomlenga inapungua bei kwa mana 1. Mwenye kuweka ardhi za theluji kwenye fungu lake bado anategemea kuzichota kwa wakati, na sungura hamsubiri.

Bundi mkubwa wa kijivu nilimwona kwa macho yangu Sax-Zim Bog, eneo la majimaji upande wa kaskazini magharibi wa mji wa Duluth. Ukimtazama utasema ni mzito, kumbe ni manyoya tu. Uzito wake ni kama kilo moja. Ndiyo maana nimempa nguvu 2 na ustahimilivu 2 ingawa picha yake inajaza fremu yote. Anasikia panya wanaotembea chini ya theluji asiowaona, kwa hiyo akishambulia unatazama karata ya juu ya fungu la mpinzani, na ikiwa ni kiumbe wa mana 2 au pungufu inakwenda kaburini, yaani kwenye lundo la karata zilizokwisha kazi. Majira ya baridi ya mwaka 2004 kuingia 2005 bundi hawa waliingia Minnesota kwa maelfu kwa sababu panya walikuwa wameadimika kaskazini. Hilo nalo limo: akishambulia mara mbili mfululizo bila kupata kitu, anarudi mkononi kwako.

Kuna kindege mwenye kofia nyeusi ambaye hahami kabisa. Ana gramu 11 hivi, anaficha mbegu moja moja kwenye magome na kuzikumbuka zilipo, na usiku anaishusha joto ya mwili wake ili asimalize mafuta. Karata yake inakuruhusu kufunika karata moja ya mkononi kila zamu na kuifukua baadaye kwa mana 1. Sikuhitaji kuongeza lolote.

Kicheche ndiye niliyempa ile kanuni ya Ice Age ya malipo yanayopanda. Umbo lake refu na jembamba humwezesha kuingia kwenye njia za panya chini ya theluji, lakini umbo hilohilo linapoteza joto haraka, kwa hiyo lazima ale mara kwa mara. Kwa mana 1 unapata kiumbe wa nguvu 3, bei ya ajabu, ila malipo yanaanza zamu inayofuata. Kila akiua kiumbe, hesabu inarudi sifuri. Malipo yanayopanda yamo kwenye karata hii moja tu katika seti nzima, ili mezani pasiwe na hesabu kila kona.

Dubu mweusi alichukua muda mrefu kuliko wote. Kumlaza dubu ni rahisi. Kazi ilikuwa kumfanya mchezaji atake kumlaza. Mpwa wangu mdogo aliliuliza hilo moja kwa moja: “Mjomba, nimelipa mana 5 nikapata dubu wa nguvu 5. Nimlaze ili iweje?” Jibu lilikuwa kwenye maisha ya dubu mwenyewe. Jike huzaa katikati ya majira ya baridi, mwezi Januari, akiwa pangoni, na watoto hunyonya mama asiyekula wala kunywa kwa miezi. Basi karata ikawa hivi: mwishoni mwa zamu yako unaweza kumlaza na kumwekea kete 3 za usingizi. Mwanzo wa kila zamu ondoa moja. Ya pili ikitoka, wanashuka watoto wawili wenye nguvu 1 na ustahimilivu 1. Ya tatu ikitoka dubu anaamka, amekonda, na namba zake zote mbili zimepungua kwa 1 daima. Mchezaji anatoa zamu tatu za ulinzi na mwili kidogo, anapata familia. Na mpinzani akizifagia kete zote kwa mkupuo? Dubu anaamka mapema na watoto hawaji, maana mtoto huja kete inapotolewa mwanzo wa zamu, si inapofagiliwa. Somo la Dark Depths lilinisaidia hapo.

Karata zote zilianza kama vipande vya karatasi vilivyoandikwa kwa penseli na kuingizwa kwenye mifuko ya plastiki mbele ya karata za kawaida. Nakushauri usichore chochote kabla ya hatua hiyo kuisha, kwa sababu ukishamchora mnyama vizuri utaona uchungu kumbadilishia kanuni. Picha nilizichora kwa rangi za maji, nikazipiga skani na kuzipanga kwa Magic Set Editor, programu ya bure. Maandishi yana nafasi ndogo mno, karata nzima ni milimita 63 kwa 88, na nimejiwekea kwamba kanuni ikizidi mistari sita inarudi mezani. Chura aliingia kwa shida, na dubu nilimpunguza maneno mpaka akaenea.

Mgongo wa karata nimeuchora wa kwangu, wenye matawi ya msonobari. Usinakili mgongo wa karata halisi hata kama ni kwa michezo ya nyumbani, maana karata iliyonakiliwa pande zote mbili ni ya bandia, na siku moja itaangukia mikononi mwa mtu atakayeiuza. Zangu siziuzi, na mashindano rasmi haziendi.

Sasa hivi niko kwa kobe mwenye gamba la rangi, anayekaa chini ya dimbwi lililofunikwa na barafu kwa miezi bila kuvuta hewa. Asidi inayojijenga mwilini mwake huzimuliwa na madini ya gamba lake mwenyewe, yaani anaishi kwa kulitumia gamba. Nimempa ustahimilivu 6 unaopungua kwa 1 kila zamu anayokaa chini, na akiwa chini hagusiki. Mpwa wangu mkubwa anasema 6 ni nyingi, apewe 5. Jumamosi tunamjaribu kwa namba zote mbili.