Siku moja maishani mwangu: fundi wa ndege za tanga juu ya Zambezi

Saa kumi na robo alfajiri. Livingstone, Zambia, mwezi wa Oktoba. Saa za huku ziko nyuma ya Dar kwa saa moja, kwa hiyo nyumbani daladala za kwanza zimeshajaa. Hapa kuna mlinzi, mbwa wake na mimi.

Nikisema nafanya kazi kwenye ndege za watalii, watu hudhani kila siku niko juu, nala upepo na kutazama mamba. Anayekaa juu ni rubani, na ndiye anayepigwa picha. Mimi ni wa chini: spana, tochi, mafuta, mizani, halafu kubishana na abiria.

Ndege zenyewe ni maikrolaiti za aina ya traiki. Ni kigari cha magurudumu matatu kinachoning'inia chini ya bawa la kitambaa kwa bolti moja. Injini iko nyuma, na propela iko nyuma ya injini, inasukuma badala ya kuvuta. Hakuna mlango wala kioo. Abiria anakaa nyuma ya rubani, juu kidogo, miguu yake huku na huku ya kiti cha rubani. Chini yao ni Zambezi, visiwa, viboko, mamba, kisha ukingo ambapo mto wote unaporomoka mita 108: Maporomoko ya Victoria.

Ukaguzi unaanzia juu, kwenye ile bolti. Nati ipo, pini yake ipo, haijalika? Pembeni kuna waya wa akiba uliozungushwa kwenye bomba la kati la bawa, kwa ajili ya siku bolti itakapokatika. Kisha nyaya zote, mmoja mmoja, kwa kitambaa cha pamba na si kwa kiganja. Kitambaa kikinasa hata mara moja, kuna uzi wa chuma uliokatika, na waya mzima unabadilishwa, hauungwi. Natumia muda mrefu zaidi kwenye sentimita za mwanzo karibu na kibano, kwani hapo ndipo waya unapopindwa kila bawa linapokunjwa.

Tanga ni poliesta, na adui yake ni jua kuliko upepo. Kwenye ukaguzi mkubwa tunalichoma kwa sindano nene iliyofungwa kwenye mizani ya springi na kuvuta hadi gramu 1,360. Likichanika kabla ya hapo, limekufa, hata kama rangi bado inang'aa. Ndiyo maana ndege zinalala ndani ya hanga, na ndiyo maana nagomba na yeyote anayeiacha juani mchana kutwa eti itatoka tena jioni.

Halafu nyigu. Wale wanaojenga kwa udongo wanapenda tundu lolote la ukubwa wa kalamu, na tundu la kupumulia tangi la mafuta ni nyumba nzuri sana kwao. Usiku mmoja unawatosha. Tundu likizibwa, injini inawaka vizuri, inapaa vizuri, na baada ya muda tangi linanyonya ombwe, mafuta hayashuki tena, injini inakata ukiwa juu ya mto. Napuliza kila tundu, kila asubuhi. Mgeni akiniona nimeweka mdomo kwenye tangi hucheka. Acheke.

Oili. Injini ni Rotax 912, na oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni. Ukipima bila kuizungusha unadanganywa. Swichi zote mbili za moto, yaani za cheche zinazowasha injini, zimezimwa, nashika propela na kuizungusha kwa mkono, upande inaozunguka yenyewe, polepole, mpaka tangi licheue. Ukisikia ile "grrup" ndipo unafungua na kusoma kijiti. Kati ya alama ya chini na ya juu hakuna hata nusu lita. Kamwe usizungushe kinyume. Unavuta hewa kwenye njia za oili, na vali zitakupigia kelele.

Mafuta ni petroli ya oktani 95, yanapita kwenye faneli yenye chujio la ngozi laini linalozuia maji. Baadaye natoa kidogo chini ya tangi kwenye chupa ya kioo na kuinua kwenye tochi. Maji yakiwapo yanakaa chini kama shanga.

Saa kumi na mbili kasorobo jua limetoka. Injini inazungushwa mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili, kisha 2,500 mpaka oili ifike nyuzi 50. Kisha 4,000: zima moto wa kwanza, washa, zima wa pili. Mizunguko isishuke zaidi ya 300, na tofauti ya pande mbili isizidi 115. Rubani anaita redioni, kwa sababu ng'ambo ya mto ni Zimbabwe, kuna helikopta za pande zote mbili, na kila mmoja lazima aseme alipo. Ngiri wanafukuzwa kwenye njia. Ndege ya kwanza inapaa, dakika kumi na tano, inarudi. Inapaa tena.

Saa moja na nusu likaja kundi kutoka Dar.

Kusikia Kiswahili kiwanjani ni raha kwa dakika tano hivi. Wanne ni wapole. Wa tano ni bwana mmoja mwenye saa kubwa, miwani juu ya kichwa, simu mbili.

"Fundi, kumbe Mtanzania! Basi mambo yameisha."

"Karibu sana kaka. Panda mizani kwanza."

Hapandi. Anasema yeye ana kilo tisini na tano, alipima hotelini. Namweleza hesabu, maana mtu akiiona huwa anatulia: aina nyingi za ndege hizi zina ukomo wa kilo 450 kwa jumla. Ndege tupu tuseme 230, rubani 80, lita 40 za petroli ni kama kilo 29. Inabaki 111, na sitaki kuimaliza yote. Kiwanja kiko zaidi ya mita 900 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 35, hewa inakuwa nyembamba kana kwamba uko zaidi ya mita 1,800, na injini inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu. Kwa hiyo ukomo wa abiria ni kilo 100, na unashuka kadiri jua linavyopanda.

Akapanda. Tisini na nane, na viatu. Sawa.

"Simu napanda nayo."

"Hapana kaka. Simu haipandi, kamera haipandi."

"Ina kamba shingoni."

Hapa ndipo kazi yangu inapoeleweka vibaya kuliko pote. Watu wanadhani tunakataza ili tuwauzie picha za kamera iliyofungwa kwenye ncha ya bawa. Nikamchukua mpaka nyuma ya ndege, injini imezimwa, nikamwonyesha propela. Kipenyo chake ni mita 1.7. Injini ikiwa kwenye mizunguko 5,500, giaboksi inaipunguza kwa uwiano wa 2.43, na ncha ya propela inakwenda zaidi ya mita 200 kwa sekunde. Kitu chochote kinachomtoka abiria kinarudi nyuma, na huko nyuma ipo propela tu. Simu inavunja kipande cha ubao mmoja wa propela. Mbao tatu hazilingani uzito tena. Mtetemo unaanza, na mtetemo huo unaweza kung'oa injini kwenye vishikio vyake. Kamba ya shingoni ni mbaya zaidi, maana inaivuta simu na mwenye simu.

Akatazama. Akasema, "Lakini mimi Mswahili mwenzako bwana. Nifichie tu, rubani hataona."

"Kaka, rubani ana mke na watoto."

"Nakupa cha soda."

Wenzake wakaanza kumwonea haya. Akatoa simu ya kwanza. Nikamngoja. Akatoa ya pili. Nikamvalisha ovaroli, maana ovaroli letu halina mfuko wazi, kila mfuko una zipu. Nikapapasa: funguo za chumba cha hoteli kwenye kaptula, sarafu, kijiti cha meno kizima na boksi lake. Kofia ya kitambaa haivaliwi chini ya helmeti. Pete iliyolegea inavuliwa. Dada mmoja wa kundi lile alikuwa na mtandio mrefu. Alielewa kabla sijamaliza sentensi, akauvua na kuukunja, akakusanya nywele ndani ya helmeti. Bwana saa kubwa bado anauliza kama anaweza kushika simu ndogo, ile ya tochi.

Kisha swali ambalo kila mtu huuliza: "Tukianguka mtoni, si mamba watatumaliza?"

Jibu la kweli ni kwamba mamba ni wa pili kwenye foleni. Traiki ikigusa maji, gurudumu la mbele linachimba, ndege inapinduka, na bawa linakuja juu yenu: tanga lililolowa, nyaya pande zote, mkanda kifuani, helmeti imejaa maji. Mtu anakufa hapo kabla mamba hajageuza kichwa. Kwa sababu hiyo rubani haruki katikati ya mto kwa kimo kidogo ili abiria aone meno. Injini ikizima katika mita 300, mkiwa wawili, unateleza kama kilomita moja na nusu hewa ikiwa tulivu, pungufu ikiwa upepo unakukabili. Sehemu za juu ya maporomoko mto huu ni mpana zaidi ya hapo. Rubani mzuri wakati wote anajua anaelekea ukingo gani, na kisiwa kipi kina mchanga mrefu bila miti. Na Oktoba, maji yakiwa machache, mchanga ule ule mzuri wa kutua ndiko mamba wanakoota jua. Ukiniuliza, bora mchanga wenye mamba. Mamba akiona bawa la mita kumi linamshukia anakimbilia majini. Kiboko ndiye simwamini.

Bwana akaenda. Akarudi na malalamiko mawili. La kwanza, upande wa Zambia maporomoko yamekauka. Ni kweli, Oktoba upande huu unabaki mwamba mtupu kwa sehemu kubwa. Angekuja Aprili angeona moshi wa maji umepanda mamia ya mita, na bawa lingerudi limelowa. La pili, mamba walikuwa wadogo. Mamba wa mita nne ukiwa juu ni mjusi ukutani, nifanyeje? Marubani wenyewe hawatafuti mwili, wanatafuta mchoro wa mkia kwenye mchanga, kisha wanaufuata hadi mwisho.

Saa tatu na nusu hewa ilishaanza kurusha. Joto linanyanyua hewa kutoka kwenye miamba ya korongo, tai wanapanda nayo bila kupiga bawa, na huo ndio wakati wa kufunga. Ndege ndani.

Mchana, sijui saa ngapi hasa, ndiyo kazi yenyewe. Rubani wa ndege ya pili amesema injini inatetemeka ikiwa taratibu, na kwenye trei iliyo chini ya kabureta ya kushoto kuna petroli. Trei ile ipo ili mafuta yasidondokee ekzosi ya moto, kwa hiyo ikiwa na petroli si jambo la kufuta na kitambaa ukasahau. Kwanza nikatazama mpira unaounganisha kabureta na injini, maana unapasuka kwa chini usikoona. Ulikuwa mzima. Nyaya za aksereta, sawa pande zote. Nikasukuma kibano cha waya, bakuli la kabureta likashuka. Ndani kuna vielea viwili vyeusi. Nikavikausha, nikaviweka kwenye mizani ya sonara inayotumia betri, maana umeme wa mgao ulishakatika. Pamoja vinatakiwa visizidi gramu 7. Vikasoma 7.6. Vimekunywa petroli, vinazama, havifungi tena mafuta kwa wakati, kabureta inafurika. Upande mmoja wa injini unapata mafuta mengi, mwingine kiasi, zinavutana, na anayeumia ni giaboksi.

Bosi akapiga simu: jioni kuna abiria wamelipa, haiwezi kwenda hivyo hivyo? Nikamwambia shikamoo, kisha nikamwambia hapana. Akauliza tena kwa maneno mengine. Hapana. Ndani ya hanga lile la mabati, shati limeganda mgongoni, hilo neno moja lilinichosha kuliko spana zote.

Ndege ya kwanza ilikuwa inadai oili. Lita tatu zinatoka, plagi ya sumaku inafunguliwa. Ikiwa na unga wa chuma chini ya milimita 3, futa, endelea. Zaidi ya hapo, injini haiwaki mpaka ijulikane chuma kimetoka wapi. Ilikuwa safi karibu kabisa, nikajisikia vizuri. Chujio jipya linafungwa kwa mkono mpaka gasketi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Hilo la zamani nalikata na kulikunjua karatasi yake yote kutafuta chembe za chuma. Mikono inanuka mpaka chakula cha usiku.

Jioni tukaruka na ndege moja badala ya mbili, foleni ikawa ndefu, watu wakanuna, jua likazama. Kuosha bawa kwa maji safi na sabuni laini, kufuta ncha za propela na kutazama mikwaruzo ya vijiwe vinavyorushwa na magurudumu, kufunga matundu kwa vitambaa vyekundu vyenye mikia mirefu ili asubuhi mtu asivisahau.

Mwisho ni daftari la ndege: saa za injini, oili, chujio, plagi ya sumaku, sahihi. Kwenye la ndege ya pili nimeandika kwa wino mwekundu kwamba hairuki. Vielea vipya viko Lusaka, basi la vifurushi linaingia kesho mchana, na nikishavifunga kabureta zote mbili lazima zipimwe mvuto wa hewa kwa pamoja kabla ya abiria yeyote. Bosi nimemtumia ujumbe huo huo. Amesoma, hajajibu.