Tela langu limebebeshwa viazi Uyole, halafu naambiwa "wewe si uko Ulaya"

Naandika hii nikiwa nyumbani Mbeya, usiku, baridi ya Julai mnaijua, na hasira bado haijaisha ingawa tela lenyewe limeshatengenezwa.

Iko hivi. Mwaka juzi nilileta boti ndogo ya aluminiamu kutoka Uingereza pamoja na tela lake, vikaingia kwenye kontena tuliyochangia watu kadhaa, Dar, kisha kilomita 800 na kitu za barabara ya Zambia mpaka huku. Boti ikaenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa shangazi. Tela sikutaka likae kule, mchanga na unyevu wa ziwa vinakula chuma, halafu ndugu nao kila mtu angelitaka. Nikalipeleka kwenye yadi moja Uyole, hapa hapa Mbeya, yenye ukuta na geti. Elfu 30 kwa mwezi. Miezi 14 nimetuma kwa simu bila kuruka hata mmoja, kuna mwezi nimetuma nikiwa nimesimama kwenye korido ya kituo cha wazee ninakofanya kazi Leicester, Uingereza, saa tisa usiku katikati ya shifti ya masaa 12.

Sasa nafika juzi kulichukua, nalikuta limeegemea upande kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Gurudumu la kushoto limelala ndani, taa moja haipo na nyingine imefungwa gundi ya karatasi, na juu ya chesisi kuna mbao nne zimepigiliwa kwa waya. Tela la boti halina sakafu, kwa hiyo mtu alikaa chini akafikiri, akatafuta mbao, akalitengenezea sakafu. Nikainama kuangalia ekseli, kwenye kona ya chuma kuna kiazi kimebanwa kimechipua, machipukizi meupe marefu kama kidole. Hapo sikuhitaji kuambiwa. Lilikuwa linabeba viazi. Na viazi vya Uyole vinafungwa lumbesa, gunia moja linapita kilo 100, wakati kibati cha tela kimeandikwa mwisho ni kilo 750 pamoja na tela lenyewe. Hesabu mwenyewe gunia kumi.

Nikamwamkia mzee mwenye yadi, shikamoo, nikamuuliza kwa adabu. Hakukataa. Akasema kijana mmoja aliliomba "mara mojamoja". Nikamwambia mzee, mbona hukunipigia, hela yangu ulikuwa unapokea kila mwezi. Akacheka, akanishika bega: "Kijana wangu, wewe si uko Ulaya? Hiki kitu gani kwako?"

Jamani hayo maneno. Angeniambia samahani ningemsamehe pale pale, ni mzee wangu. Ila ukisema "wewe uko Ulaya" maana yake kitu changu hakiumi. Maana yake mgongo wangu wa kunyanyua wazee usiku si kazi, hela inaota kule kama majani. Kodi ya chumba mnaijua? Umeme wa kupasha nyumba miezi sita ya baridi mnaujua? Wengi wetu tunaishi kwa mahesabu ambayo mtu wa soko la Mwanjelwa mwenye genge lake angetuonea huruma.

Na si yeye peke yake. Fundi wa kwanza niliyempelekea, alianza vizuri, ndugu yangu mmoja akateleza akasema "huyu katoka London jana" (wala si London), bei ikawa milioni 1 na laki 8. Nikafunga mlango wa gari nikaondoka.

Wa pili nilielekezwa na dada anayeuza vipuri Mwanjelwa. Kijana wa miaka 30 hivi, banda la mabati, mashine moja ya kuchomelea. Hakuuliza nimetoka wapi. Alilala chini ya tela kama dakika ishirini akatoka na habari mbaya kwanza: matela mengi ya Uingereza hayana springi za mapande kama zetu, yana mkono wa chuma ulioingia kwenye bomba lenye raba ndani, na ile raba ikishajipinda na kufa haitengenezeki, inabadilishwa kizima, na huku haipatikani. Akasema, "Kaka, tukate hii yote, nikuwekee springi za Kirikuu," vile vigari vidogo vya mizigo. Nikasita. Akanieleza kwamba springi za Kirikuu ni ngumu kwa boti nyepesi, kwa hiyo atatoa pande moja kila upande ili boti isirukeruke, na siku zikivunjika napata nyingine Kyela, Tukuyu, popote. Nikakubali.

Kabla ya kuchomelea alisaga zinki yote kwenye sehemu ya kuungia mpaka chuma kikang'aa, maana moshi wa zinki unampa fundi homa usiku mzima na kiungo chenyewe hakishiki vizuri. Nimeona watu wanachomea juu juu tu halafu wanakunywa maziwa eti yanatoa sumu. Yeye akasema maziwa atakunywa na chai. Alipofunga ekseli mpya kwa muda, akachukua uzi, akafunga pale mbele kwenye kapla, yaani pale tela linaposhikana na gari, akauvuta mpaka gurudumu la kulia, akaweka fundo, akauleta kushoto. Ulipishana upana wa kidole. Akapiga nyundo, akapima tena. Mara nne. Ndo akachomelea moja kwa moja. Tela lisipolingana hapo linatembea kiupandeupande na kula matairi.

Beringi zilikuwa na kutu, akazifuta akasoma namba zilizochapwa pembeni, akanituma dukani na zile namba, zikapatikana siku hiyo hiyo. Springi za mtumba laki na 20, bomba la mraba elfu 65, beringi na sili elfu 80, ufundi laki na nusu. Jumla 415,000. Kule Leicester gereji ninayoijua saa moja ya fundi ni pauni 65 kabla hajagusa bolti, zidisheni wenyewe. Na jioni akanifuata kwenye gari kunirudishia elfu 18, chenji ya sili nilizokuwa nimemwachia anunue. Mimi nilishaisahau. Ndaga fijo (Kinyakyusa, asante sana) mdogo wangu, popote ulipo.

Akaniuliza kama naweza kumvuta aje kule. Nikamwambia ukweli na nyie wengine sikieni. Njia ya kuja kulea wazee Uingereza kwa watu wa nje ilifungwa Julai 2025, mtu anayewauzia hiyo nafasi sasa hivi kwa milioni kadhaa ni mwizi, hata kama anasali na mama yako. Nikamwambia nenda VETA kapate cheti cha hiyo kazi unayoifanya tayari, maana mchomeleaji mwenye karatasi kule analipwa kunishinda mimi mwenye digrii. Na mkishafika na kuanza kutuma vitu nyumbani, ng'oeni magurudumu muyaache kwa mama, mpandishe tela juu ya matofali, pigeni picha mbele ya mwenye yadi, muandikishiane hata kwenye karatasi ya daftari mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mimi sikuandikishana. Mwenyekiti ameongea na mzee, kaahidi kurudisha laki moja, mpaka leo nimeona elfu 40.

Jana nililivuta tupu mpaka Matema. Tukuyu nikasimama kwenye mvua nikashika habu zote mbili, vile vitovu vya magurudumu vyenye beringi ndani, kwa mkono kama nilivyoagizwa, zote vuguvugu, hakuna iliyounguza. Nikampigia fundi. Akafurahi, kisha akasema, "Ukifika usilisukume majini hapo hapo kaka. Habu ya moto ikiingia kwenye maji ya baridi inanyonya maji ndani, beringi zinaoza. Subiri zipoe."

Basi nikafika, nikalipaki kwenye mchanga, nikakaa karibu saa nzima natazama ziwa na ile milima ya Livingstone, shangazi ananiita ndizi zinapoa, namwambia shangazi nisubiri kidogo, habu bado zina moto.