Dakika 20 za Raskazone

Jumamosi ya Septemba 13, 2025, nilisimama kando ya barabara ya Raskazone nimeshika magoti, jasho linadondoka kwenye lami, nikaiangalia simu. Dakika 11. Ratiba yangu ya kujifunza kukimbia ilitaka 20 bila kutembea hata hatua moja. Bahari ilikuwa shwari upande wangu wa kushoto, ngalawa mbili zinarudi, na mimi nikalia. Nilijifuta kwa ncha ya mtandio kabla kijana aliyekuwa anakuja na baiskeli hajanifikia.

Nina miaka 41. Nauza dawa hapa Tanga mjini, kazi ya kusimama nyuma ya kaunta tangu asubuhi hadi jioni. Kipimo cha presha kiko mezani kwetu na kwa siku nawapima watu hata kumi. Mwezi wa sita, siku ambayo wateja walikuwa wachache, nilijifunga mwenyewe. 142 kwa 91. Nikangoja robo saa, nikarudia. 144 kwa 90. Mama yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 52, na miaka yake minne ya mwisho nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Kwa hiyo namba zile sikuzichukulia kama namba.

Daktari aliniambia nipunguze chumvi, nipungue uzito, nifanye mazoezi, nirudi baada ya miezi mitatu. Mazoezi gani, hakusema. Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenitafutia kwenye simu ratiba ya wiki tisa inayomtoa mtu asiyekimbia kabisa hadi kilomita 5. Wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia mara nane. Siku tatu kwa wiki, na kati yake unapumzika. Aliinakili yote kwa kalamu nene nyuma ya boksi la dawa, akalibandika kwenye mlango wa friji.

Nilisoma boksi lile kutoka juu hadi chini na macho yakaenda kukwama wiki ya tano. Siku ya kwanza: dakika 5 mara tatu. Siku ya pili: dakika 8 mara mbili. Siku ya tatu: dakika 20, mfululizo. Nilimwambia umekosea kunakili. Akanionyesha simu. Hakukosea.

Niseme kwa nini dakika 20 zilinitisha hivyo. Darasa la tano nilichaguliwa kukimbia kupokezana vijiti. Siku ya mashindano mwalimu akanitoa kwenye mstari mbele ya wenzangu wote, akasema, "Wewe kaa, utatuchelewesha." Nikakaa. Nimekaa miaka thelathini. Kila nilipoona watu wanakimbia, nilijua hilo ni la watu wengine, kama vile kuna watu wa kuimba taarabu na watu wa kusikiliza.

Nilianza Jumanne ya Julai 8, siku moja baada ya Sabasaba. Julai ni mwezi mzuri hapa kwetu. Masika yameisha, kusi linavuma, asubuhi unaweza hata kusikia baridi kidogo. Nikishaswali alfajiri natoka Ngamiani nikitembea, navuka mjini kabla bajaji hazijajaa, na nikifika jirani na hospitali ya Bombo naanza kukimbia kuelekea Raskazone. Raba nilinunua mtumba kwa shilingi 25,000. Nilivaa suruali ya traksuti, shati refu la mikono mirefu na mtandio, na hakuna kilichonizuia. Vijana wa bodaboda waliniuliza, "Mama, nani kakukimbiza?" Wiki ya kwanza swali lile liliniuma. Wiki ya tatu nilikuwa nawajibu kwa mkono tu, sina pumzi ya kutoa neno.

Hiyo ya kukosa pumzi ya kutoa neno ndiyo ilikuwa kosa langu lote, na sikujua.

Wiki tano za kwanza za ratiba zilinichukua wiki kumi. Wiki ya tatu niliirudia. Wiki ya nne nilipata maumivu ya ugoko, mguu wa kulia, ukigusa mfupa unaruka. Nilikaa wiki mbili nikiweka barafu jioni na kujiambia kwamba basi, mwalimu alisema kweli. Ninachokijua sasa ni kwamba moyo na mapafu huzoea mapema kuliko mifupa na kano. Unajisikia una nguvu ya kuongeza, na kumbe mguu bado haujafika. Laiti ningejua hilo mwezi wa saba, ningekimbia polepole tangu mwanzo. Nilirudi Agosti 26, nikairudia wiki ya nne mara mbili, na wiki ya tano nikaingia nayo vizuri. Jumanne nikamaliza. Alhamisi nikamaliza, dakika 8 mara mbili, nikarudi nyumbani naona nimefika. Halafu ikaja ile Jumamosi.

Jumatatu yake, Septemba 15, tuliamka simu zimejaa habari ya Alphonce Simbu. Usiku wa kwetu, asubuhi ya Tokyo, alikuwa ameshinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Mimi na binti yangu tuliangalia mita za mwisho labda mara kumi na tano. Petros yuko mbele, Simbu anamjia, utepe. Binti akachukua kikokotoo, akapiga hesabu. Simbu anakwenda kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde 5 hivi. "Wewe mama unakwenda kwa 7." Nikamwambia naomba uiangalie tena. Akaangalia. Dakika 7 kila kilomita, zile dakika 11 zote kabla sijasimama.

Sikuliwazia jambo hilo zaidi. Jumanne sikutoka kabisa.

Alhamisi nilitoka, lakini kutembea tu. Kuna mzee mmoja hukaa asubuhi chini ya mwarobaini upande wa baharini, na bakora yake na kikombe cha kahawa. Kila siku nampungia. Siku hiyo, kwa kuwa natembea, nikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo hukimbii?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza mtu nisiyemjua hata jina kitu ambacho mume wangu nilimficha. Akasikiliza, akauliza, "Unapokimbia unaimba?"

"Kuimba?"

"Mchakamchaka hukuimba shuleni? Sisi JKT tulikuwa tunakwenda saa nzima, wanene na wembamba, wimbo mmoja. Sauti isipotoka, ujue mguu umezidi. Mimi nakuona unavyopita hapa. Unakimbia kama unawahi basi la Korogwe."

Mchakamchaka. Darasa la tano hilohilo, kila asubuhi kabla ya usafi, tulikuwa tunazunguka uwanja tukiimba, na mimi nilikuwamo. Hakuna aliyenitoa kwenye mchakamchaka. Nilikimbia kila siku ya shule kwa miaka saba, peku, na sikuwahi kukuhesabu kule kuwa ni kukimbia.

Jumamosi ya Septemba 20 nilifika Bombo mapema kidogo, jua ndiyo linachomoza. Nikabonyeza saa ya simu na kuanza kwa mwendo ambao mtu anayetembea haraka angeweza karibu kunipita. Aibu ilinijia, nikaiacha. Nikaanza kuimba chini kwa chini. Wimbo wa mchakamchaka nilishausahau maneno, kwa hiyo kilichokuja ni kasida.

Dakika ya tano, sauti ipo. Ya nane, ipo. Kijiwe cha bodaboda wakauliza swali lao na nikawajibu kwa maneno kamili, "Presha, wanangu!" Mmoja akasema, "Haya mama, usisimame." Mahali pale nilipolilia nilipafikia dakika ya kumi na tatu na nusu, maana safari hii nilikuwa nakwenda polepole zaidi. Nilipapita nikiwa naimba.

Dakika ya kumi na tano kichomi kikanishika ubavu wa kulia. Kwa kawaida hapo ndipo husimama. Nilibonyeza kwa vidole chini ya mbavu, nikatoa pumzi ndefu kila mguu wa kushoto ulipogusa chini, nikapunguza mwendo tena, na kikaondoka chenyewe baada ya kama dakika moja na nusu. Nilikuwa nimeshageuza narudi, bahari sasa iko kulia, jua mgongoni. Dakika mbili za mwisho hazikuwa ngumu. Hilo ndilo sikulitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu na nikakuta miguu inakwenda tu.

Simu ikalia. Niliendelea hatua nyingine kama thelathini kwa sababu nilitaka kumaliza beti.

Kilomita 2.3. Nilimtumia binti yangu ujumbe wa sauti na nilipoisikiliza baadaye sikuelewa hata nilichosema, ni kuhema na jina lake. Presha nitaenda kupimwa tena na daktari mwisho wa mwezi.

Nilitembea kurudi hadi kwenye mwarobaini. Mzee alikuwa amemaliza kahawa.

"Umeimba?"

"Nimeimba, mzee."

"Wimbo gani?"

Nikamwambia kasida ya maulidi, ile mama alikuwa akiiimba huku anachambua mchele. Akaniuliza beti ya kwanza inaanzaje. Nikamwanzia, na yeye akaipokea.